Kamera inageuka yenyewe usiku, na lawama zote anabeba dada wa kazi

SWALI

Habari za kazi wahariri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tegeta na nina duka la vitenge Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi usiku, Jumamosi ikiwemo. Mume wangu anaendesha lori la Kongo, akiondoka wiki tatu hatumwoni. Mchana nyumbani anabaki mama mkwe, ambaye macho yamepungua nguvu, pamoja na dada wa kazi aliyeletwa na dalali miezi miwili iliyopita. Uani kuna kijana aliyepanga chumba, tulimpata kwa tangazo la Facebook. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha tatu.

Wiki sita zilizopita nilimwita fundi anifungie intaneti na kamera. Alikuja na ruta ya kuweka laini, laini akaisajili kwa kitambulisho changu. Dole gumba niliweka mara mbili kwa sababu ya kwanza alisema haijashika. Kamera ni hizi za kuzunguka, ya elfu sitini na tano, ipo juu ya kabati la TV sebuleni. Simu yangu ilikuwa imejaa, programu ikagoma kuingia, kwa hiyo akaiwasha kamera kwa simu yake, mimi nikafuta vitu, baadaye akanitumia mwaliko. Neno la siri la Wi-Fi aliliandika kwa kalamu ya maka nyuma ya mlango wa sebule ili tusisahau. Akatuwekea na taa ya nje inayowashwa kwa simu.

Tangu hapo mambo hayaeleweki. Mara tatu nimeamka saa nane usiku nikakuta kamera niliyoiacha ikitazama mlango wa mbele imegeuka inatazama korido ya vyumbani. Mara moja umeme ulikuwa ndiyo umerudi, mara mbili hapakuwa na chochote. Kifurushi cha mwezi cha GB 60 kinaisha siku ya 17. Mwanangu alipakua programu ya kuonyesha vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi, vikatoka tisa. Tunavijua vitatu tu: simu yangu, simu yake na kompyuta. Vingine viliandikwa Hui Zhou Gaoshengda, IPC, ESP na tarakimu, Infinix, Redmi na kimoja hakina jina kabisa. Huyo Hui Zhou ni nani?

Kilichonitoa usingizi ni hiki. Mpangaji aliomba kompyuta yetu achapishe barua ya kazi, akasahau kufunga WhatsApp yake. Nilipofungua nikakuta haya:

"Oya, bi mkubwa kashasepa?"
"Kitambo. Beki tatu tu ndo yupo mjengoni."
"Jumamosi tunatimba wote, mzigo unaanza saa tisa na nusu. Mkeka wangu ukichanika tena nahama nchi."
"Piteni uani, sebuleni kuna jicho. Kausha."

Nilidhani beki tatu ni habari za mpira, mwanangu akacheka akasema ni dada wetu wa kazi. Mkeka wa kuchanwa ndani kwangu sijui ni upi. Mama mkwe anasema dada ndiye anayewachorea ramani, maana usiku hunong'ona kwenye kiswaswadu chake humo chumbani anakolala na mdogo wetu. Mwezi uliopita nilimkata elfu ishirini kwa ajili ya kifurushi. Je, nimfukuze leo au nisubiri mwezi uishe?

Mama wa Tegeta

JIBU

Mama, usimfukuze leo, na mwisho wa mwezi pia usimfukuze. Barua yako ina watu watatu uliowaingiza nyumbani bila kuwajua sana, na ukiisoma tena polepole utaona kwamba unayemtuhumu ndiye pekee asiye na ufunguo wa kitu chochote kilichokutisha. Fundi ana ufunguo wa kamera, mpangaji ana wa Wi-Fi. Dada ana ufunguo wa jikoni.

Anza na hicho kiswaswadu, simu yake ya vitufe, ni kazi ya dakika mbili. Mwombe akuonyeshe, usimnyang'anye, uingie kwenye mipangilio utafute neno Wi-Fi. Vitochi vingi havina. Vichache vya kisasa, vile vinavyotumia mfumo wa KaiOS, vinayo, kwa hiyo angalia kwa macho yako badala ya kukisia. Kama neno hilo halipo, simu hiyo haiwezi kuigusa ruta, haiwezi kufungua kamera, wala haiwezi kula MB moja ya kifurushi chako. Na kunong'ona? Vifurushi vya maongezi ya usiku ni vya bei rahisi, na mtu anayelala chumba kimoja na mtoto ulitaka aongee kwa sauti gani?

Sasa kamera. Hizi za kuzunguka hujigeuza kwa sababu mbili zisizo na ubaya, na moja yenye ubaya. Umeme ukikatika na kurudi, kamera hujipima: inazunguka hadi mwisho wa kushoto, hadi mwisho wa kulia, kisha inasimama katikati au popote ilipozoea. Usiku wako mmoja unaishia hapo. Sababu ya pili ni kufuata mwendo. Kamera ikiona kitu kinatembea humfuata, na kwake mjusi anayewinda wadudu ukutani ni mtu kamili. Pazia linalopepewa na feni vilevile. Ikimfuata mjusi hadi koridoni na mjusi akapotea, mara nyingi hubaki hapohapo inatazama. Sababu ya tatu ni mtu mwenye programu mkononi, anayesukuma mshale kwenye skrini ya simu yake.

Kuzitofautisha, zima kipengele cha kufuata mwendo. Kwenye programu nyingi kimeandikwa Motion Tracking au Auto Tracking. Elekeza kamera mlangoni, kisha kwa kalamu chora mstari mmoja mdogo unaoanzia kwenye kichwa cha kamera hadi kwenye kitako chake. Acha usiku tatu na uandike saa umeme ulipokatika, kama ulikatika. Mistari ikiachana usiku ambao umeme haukukatika, kuna mkono wa mtu.

Lakini hata kabla ya jaribio hilo tunajua nani mwenye kamera, na si wewe. Simu ya kwanza kuiwasha ndiyo inayosajiliwa kama mmiliki. Wewe ulipewa mwaliko, maana yake ni mgeni kwenye kamera iliyo sebuleni kwako. Mmiliki anaweza kutazama, kusikiliza, kugeuza, kuwaalika wengine, na kukuondoa wewe. Fungua programu, bonyeza alama ya gia kwenye kamera hiyo, utafute sehemu ya kushirikisha, Share au Sharing. Mmiliki huona orodha ya aliowapa ruhusa na kitufe cha kuwaondoa. Wewe utaona jina au namba ya aliyekualika, au hutaona kitu. Hatusemi fundi wako anapiga chabo. Mafundi wengi hufanya hivi kwa kuwahi kazi, na simu zao zimejaa sebule za watu ambazo hata hawazifungui. Hilo halikupi usingizi, tunajua.

Kwa hiyo jaribio hilo si la lazima: ichomoe kwenye umeme sasa hivi. Kisha amua jambo moja kabla ya kuendelea: unataka tu kuimiliki, au unataka kumshtaki mtu? Kama unafikiria polisi, usibonyeze kitufe chochote cha kuirudisha kiwandani, kwa sababu mipangilio yote iliyomo itapotea. Piga picha za skrini za ukurasa wa kushirikisha, toa kadi ya kumbukumbu na uihifadhi kwenye bahasha yenye tarehe, hifadhi risiti na namba ya kamera iliyoandikwa chini ya kitako.

Kama unataka tu iwe yako, mpigie fundi mpange muda, aifute kamera kwenye programu ya simu yake huku ukimwona, ana kwa ana au kwa video. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanabonyeza kitundu cha reset, kamera inasema iko tayari, wakijaribu kuisajili wanaambiwa kifaa tayari kina akaunti nyingine. Kamera nyingi za siku hizi husajiliwa kwenye seva ya kampuni, kwa hiyo kitundu husafisha kamera lakini hakiondoi jina la mmiliki kule. Fundi akigoma au asipopatikana, waandikie huduma kwa wateja wa programu hiyo, uambatishe picha ya namba ya kamera na risiti. Wakati wote huo ibaki imechomolewa.

Akishaifuta, chomeka pini ya kutolea laini kwenye kitundu cha reset, shikilia sekunde tano hadi kumi mpaka iongee au taa ianze kuwaka na kuzima. Isajili kwa barua pepe yako mwenyewe na neno la siri ambalo hulitumii kwingine. Ikikataa kushika Wi-Fi, mara nyingi ni moja ya mambo haya. Kamera za bei hiyo kwa kawaida hushika masafa ya GHz 2.4 pekee, na simu yako huenda iko kwenye 5. Tenganisha majina ya mitandao hiyo kwenye ruta. Neno la siri lenye nafasi au alama za ajabu huzichanganya baadhi yake, tumia herufi na tarakimu. Na pale inapotakiwa kusoma QR kwenye skrini ya simu, weka simu umbali wa kiganja kimoja, sentimita 15 hadi 20, mwanga wa skrini uwe juu, usogeze taratibu mbele na nyuma.

Ukiirudisha, usiirudishe sebuleni. Korido ya vyumba, sebule anapolala mama mkwe mchana, chumba cha dada, hapo si pa kamera. Iweke itazame geti na mlango wa uani, na kila anayeishi humo, dada akiwemo, aambiwe ipo na inaona wapi.

Dole gumba mara mbili: inawezekana kweli ya kwanza haikushika, vidole vya mtu anayeshika vitambaa na maji kutwa husumbua mashine. Ila ni mbinu ya zamani ya kusajili laini ya pili kwa jina lako. Piga *106#, fuata maelekezo uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Utakuta yako, ya ruta, na labda ya mtoto. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute, na uombe karatasi ya kuonyesha ulilalamika tarehe fulani. Laini hiyo ikitumika kutapeli watu, jina litakalotoka ni lako. Hili tungelifanya kesho asubuhi kabla ya kufungua duka.

Huyo Hui Zhou Gaoshengda aliyekunyima raha ni TV yako, kwa uwezekano mkubwa sana. Ni kampuni ya China inayotengeneza vipande vya Wi-Fi vinavyowekwa ndani ya TV za chapa nyingi, na programu za kuorodhesha vifaa husoma jina la kipande, hazisomi jina lililo usoni mwa TV. IPC ni kamera. ESP na tarakimu ni taa yako ya nje: taa na soketi nyingi za kuwashwa kwa simu hutumia chipu za Espressif, na hujitambulisha hivyo. Kuthibitisha, zima TV kwenye swichi ya ukutani, tazama orodha tena, uone nani katoweka. Fanya hivyo kwa taa.

Zinabaki Infinix, Redmi na kisicho na jina. Hicho cha mwisho kibonyeze usome anwani yake ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, ni jozi sita za herufi na tarakimu. Kama herufi ya pili ya jozi ya kwanza ni 2, 6, A au E, hiyo ni anwani ya kubuni: simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 huficha anwani yao halisi kwa kawaida. Hivyo kukosa jina si dalili ya mdukuzi, ni simu tu ya kisasa. Simu tatu, basi. Mmoja ni mpangaji. Na wawili?

Hapo tunarudi kwenye ule ujumbe. Bi mkubwa ni wewe, wala si tusi, ni mama mwenye nyumba. Kusepa ni kuondoka, kutimba ni kufika, mjengo ni nyumba, kausha ni nyamaza. Jicho, kwa muktadha huu, ni kamera. Beki tatu mwanao kakueleza. Ni jina la dharau kidogo, na dada akilisikia humuuma, kwa hiyo asilizoee na yeye. Mzigo ni chochote kinachosubiriwa: bidhaa, hela, video, mechi. Mkeka ndio unaofungua fumbo. Si jamvi, ni orodha ya mechi alizobashiri mtu kwa kampuni ya kamari, na ukichanika maana yake mechi moja imemwangusha hela imekwenda. Sasa tazama saa. Mechi ya mapema ya Jumamosi kwenye Ligi Kuu ya Uingereza kwa kawaida huanza saa 12:30 mchana kule, na majira yao ya baridi hiyo ni saa tisa na nusu alasiri kwetu. Saa zao zikisogezwa mbele inakuwa saa nane na nusu. Vijana watatu, mkeka, Jumamosi, saa tisa na nusu. Wanakuja kuangalia mpira kwa Wi-Fi yako.

Hesabu inakubali pia. Video ya wastani inayovuta megabiti (Mb) 3 kwa sekunde hula karibu GB 1.35 kwa saa. Simu tatu kwa mechi ya saa mbili ni GB 8. Mechi mbili kila wikiendi ni 16, na hadi siku ya 17 wikiendi mbili au tatu zimeshapita, yaani GB 32 hadi 48. Kifurushi chako ni cha 60, na kilichobaki mnakigawana nyinyi wa ndani. Kamera nayo huchangia ikitazamwa kutoka mbali: kwa Mb 1 kwa sekunde, kila saa ya kutazama ni karibu MB 450. Ikiandika kwenye kadi tu bila mtu kuitazama haili kitu cha maana.

Huo ndio usomaji wetu, na tunauamini zaidi ya ule wa wizi. Lugha ya wizi huwa na vitu vingine: kusoma ramani au kuchora ramani (kupeleleza nyumba), kupiga tukio (kufanya uhalifu), picha za kufuli au dirisha, maswali kuhusu mbwa na mlinzi, nani ana bajaji ya kubebea. Hata kupiga tukio pekee hakutoshi, vijana hulitumia kwa mzaha wowote. Ukiona mkusanyiko wa hayo, piga picha skrini kwa simu nyingine, nenda kwa mjumbe wako na kituo cha polisi uchukue RB. Kwa sasa ondoa akaunti yake kwenye kompyuta na usirudi kuisoma. Kuichungulia mara moja iliyokuwa wazi kwenye mashine yako ni bahati mbaya. Kuingia kwa makusudi kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kagua na yako: WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua, kisha weka PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili.

Ila kuna neno kwenye ujumbe ule lililotusumbua kuliko jicho na mkeka. "Beki tatu tu ndo yupo mjengoni." Vijana wawili usiowajua wanapita uani wakati nyumba ina binti mmoja na bibi asiyeona vizuri. Katika barua yako yote umeuliza kama binti huyo ni hatari kwenu. Muulize kama yeye yuko salama. Muulize faraghani, jikoni, bila mama mkwe: nani huja Jumamosi, huingia wapi, wamewahi kumwomba afungue mlango wa ndani, wamewahi kumsumbua. Huenda anajua zaidi ya kamera, na hajasema kwa sababu aliyekatwa elfu ishirini bila kuulizwa hana haja ya kusema.

Kwa mpangaji zungumza mwenyewe, usitume mtoto wala dada. Usianze na ujumbe. Anza na kifurushi: "Mwanangu, naona simu tatu za uani kwenye ruta, na GB 60 zinaisha siku ya 17." Halafu nyamaza. Akikiri, panga naye: Wi-Fi atachangia, wageni watapita getini baada ya kukutaarifu, na siku ambazo haupo hawaji. Majina yake na ya ndugu wa kumdhamini yaandikwe kwa mjumbe na serikali ya mtaa, jambo ambalo lilitakiwa kufanyika siku ile ya tangazo la Facebook. Akikasirika kwa hilo la mjumbe, umepata jibu lako kuhusu chumba.

Kisha badilisha neno la siri, siku hiyohiyo. Futa lile la nyuma ya mlango. Maka ikigoma kwa maji, spiriti huitoa. Geuza ruta usome kibandiko cha chini, kina anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, na neno la siri la kuingia kwenye mipangilio. Hilo nalo libadilishe, maana likibaki admin kila aliye ndani ya Wi-Fi ni mwenye ruta. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri), weka herufi na tarakimu zisizopungua 12. Fungua mtandao wa wageni wenye jina lake na neno lake: mpangaji, kamera na taa vikae huko, simu zenu na kompyuta vibaki mtandao mkuu. Kuwanyima rafiki wa mpangaji neno la siri hakutoshi kwa sababu simu ya Android hutoa QR ya Wi-Fi ikachanganuliwa na mwingine bila neno kutamkwa. Faida ya mtandao wa wageni ni kwamba unabadilisha neno lake kila mwezi bila kusumbua simu zenu na kompyuta, ni kamera na taa tu utakazoziunganisha upya. Ruta nyingine hukuruhusu pia kuuwekea saa au kikomo cha data.

Dada naye ana karatasi zake zinazokosekana. Dalali alikuletea mtu, hakukuletea taarifa. Chukua namba yake ya NIDA, au barua ya serikali ya kijiji chake kama hana bado, namba ya mzazi au ndugu uliyoipigia wewe mwenyewe na kuongea naye, na mkataba wa ukurasa mmoja wenye mshahara, siku ya mapumziko na kazi zake. Mpe nakala. Fundi wa safari ijayo akifika, programu inaingia kwenye simu yako, namba ya uthibitisho inasomwa na macho yako tu, na simu yake inabaki mfukoni. Kama simu yako imejaa, akusubiri ufute picha.

Ile elfu ishirini haikutakiwa kukatwa hata kama angekuwa na simu kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kuzipinga kabla shilingi haijaguswa. Mrudishie wiki hii, na kama alikatwa mama mkwe akisikia, arudishiwe mama mkwe akisikia.